Sura ya Tano: Waya wa Pili

Mtuhumiwa alikuwa amepigwa mpaka sura yake ikakataa kumtambulisha. Jicho moja limefumba kabisa, midomo imevimba kama ya mtu aliyejaribu kubusu mzinga wa nyuki, na kila alipovuta pumzi mbavu zilimkumbusha kwamba umati una miguu mingi. Shangazi akavuta kiti, akakaa mbele yake, akamsogezea kikombe cha maji na kusubiri amalize kukitafuta kwa mkono.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu pale kituoni. Askari walimbandika jina hilo kwa namna yake ya kuhoji: anakuja kwa upole kama shangazi aliyepita kusalimia, na kabla hujamaliza kumkaribisha ameshajua kila kilichomo kabatini. Mbele yake walimwita afande. Lile jina lingine walilitaja baada ya kuangalia mlangoni.

Kesi ilionekana nyepesi mno. Huyu aliyekaa mbele yake alikuwa fundi mitambo, mtu wa kufunga spika kwenye harusi na mikutano. Juzi alikutwa ndani ya duka la shemeji yake, mume wa dada yake, amepiga magoti juu ya maiti, waya wa spika mikononi. Marehemu alikuwa muuza vyombo vya muziki, na watu walimwita Masikio kwa sababu aliapa kwamba anasikia tofauti kati ya waya na waya: huu unaung'arisha muziki, ule unautia kutu. Fundi alimcheka miaka nenda rudi. Waya ni waya, alisema, umeme hausomi lebo. Na kwenye sherehe ya mwisho ya ukoo, glasi mkononi, aliropoka mbele ya wote kwamba siku moja atamnyonga shemeji yake kwa huo waya wake wa maringo, aone kama mtu hufa kwa ubora zaidi. Ukoo mzima ulicheka. Sasa ukoo mzima ulikuwa umeandikisha maelezo polisi.

Mchana huo alitakiwa kupandishwa gari kwenda kusomewa shtaka la kuua. Nje ya geti watu walishajikusanyia mawe, na madereva wote wa kituo walikuwa wameshikwa na tumbo la ghafla. Wa kwanza kumpiga siku ile alikuwa dada yake mwenyewe. Alishuka kutoka ghorofani aliposikia kelele, akamkuta mdogo wake juu ya mumewe, akamshukia na kigoda cha mbao. Wengine waliendeleza alipoishia.

"Ulifuata nini pale dukani?" Shangazi akauliza.

"Aliniita."

"Nani?"

"Yeye mwenyewe, marehemu. Alinipigia asubuhi. Akasema, shemeji, njoo unicheke."

"Akasema hivyohivyo?"

"Hivyohivyo. Nikajua ananitania. Lakini sauti yake haikuwa ya utani, ilikuwa ya mtu anayetoka kuzika."

Hayo alishayasema mara nyingi, na kila aliyeyaandika aliyaandika huku anatabasamu. Shangazi hakutabasamu. Alimwambia anyooshe mikono juu ya meza, akaigeuza kama anayenunua samaki. Ncha za vidole zilikuwa zimechanika, kucha nyingine zimeng'oka zikaacha nyama tupu. Akageuza viganja. Vilikuwa safi. Vigumu, vya kikazi, lakini havikuwa na mkwaruzo hata mmoja.

Akamwomba aonyeshe jinsi alivyoushika waya. Fundi akakunja vidole kama ndoano, akaviingiza ndani ya kola ya shati lake mwenyewe na kuvuta kwa nje. Ulikuwa umezama shingoni, alieleza. Alikuwa anauchimba.

Koridoni Koplo alikuwa akimsubiri, mwanamume mpana ambaye hutangulia kuingia tumbo halafu yeye. Shangazi akamwambia achukue kamba ya kufungia mafaili na kuivuta kwa nguvu zake zote, kana kwamba kuna mtu anayemchukia katikati yake. Koplo akavuta mpaka shingo ikamtoka mishipa. Alipofungua mikono, viganja vilikuwa na mistari myekundu. Vidole vyake havikuwa na kitu.

"Kwa hiyo," Koplo akasema, akijipuliza viganja, "Fundi hakunyonga, alinyongoa."

Shangazi akamwambia hilo neno halipo, lakini aliandike.

*

Waya wenyewe ulikuwa stoo ya vielelezo, ndani ya mfuko wa plastiki. Mnene kama kidole gumba, mwishoni unagawanyika kwenda spika mbili, na umevishwa soksi ya nyuzi nyeusi na za dhahabu zilizosukwa kama nywele za bibi harusi. Dukani waliuita Waya wa Kifalme, na ulikuwapo huo mmoja tu. Damu ilikuwa imekaukia ndani ya msuko. Shangazi alivaa glavu, akaupapasa polepole kutoka mwanzo hadi mwisho, na karibu na mwisho kidole chake kikazama.

Soksi ilikuwa imepasuliwa. Si kwa kuvutwa: kwa wembe, mstari ulionyooka, kisha kingo zikarudishwa zikae kama hazijaguswa. Akazifungua. Ndani ya ile fahari yote mlikuwa na waya wa pasi. Ule wa kawaida kabisa, wa mpira wa kijivu, ambao kila nyumba inao mmoja uliofungwa kwa plasta sehemu.

Koplo akauliza kama Mfalme huyo alijua hana nguo za ndani.

Aliyeupasua, Shangazi aliwaza, ni mtu aliyeishi miaka akiapa kwamba ule waya unamfungulia muziki kama dirisha. Siku alipouchungulia, alimpigia simu adui yake mkubwa akamwambia njoo unicheke. Na nyaya zote za dukani zililetwa na mtu mmoja: mbia wake, aliyeitwa Tabasamu, maana mdomo wake haukuwahi kufunga kazi.

Tatizo ni kwamba Tabasamu alikuwa na ushahidi wa chuma. Duka lilikuwa na desturi yake, na mtaa mzima uliijua. Mteja hukalishwa kwenye kiti kimoja, hufungwa kitambaa cheusi machoni ili masikio yafanye kazi peke yake, na mitambo hukaa nyuma ya pazia. Unapigwa wimbo kwa waya wa kawaida. Kimya. Waya unabadilishwa. Wimbo uleule unapigwa tena, kwa sauti ileile kubwa, na mteja haruhusiwi kufungua macho mpaka Masikio mwenyewe aje amfungue. Siku ile mteja alikuwa daktari wa meno, mtu mzima mwenye heshima zake. Aliapa kwamba kwenye wimbo wa pili alisikia Waya wa Kifalme kama anavyosikia jina lake.

Mama wa chai, aliyekuwa na kibanda ng'ambo ya barabara, aliapa kwamba wimbo wa pili ulipoanza tu Tabasamu alitokea, akakaa kwake, akapuliza chai mpaka muziki ukazimika. Hapo ndipo akamwona Fundi anaingia dukani. Kisha kelele.

Hesabu ya ushahidi huo ilikuwa fupi. Kama Daktari alisikia Waya wa Kifalme, basi waya ulikuwa kwenye mtambo wimbo wote wa pili, na ulifika shingoni baada ya hapo, Tabasamu akiwa kwenye chai na Fundi akiwa ndani. Umati ulikanyaga kila kitu, ukang'oa kila plagi. Hakikubaki cha kusema lipi ni lipi isipokuwa masikio ya mtu mmoja.

"Kwa hiyo maisha ya Fundi yako ndani ya sikio la daktari wa meno," Koplo akasema.

"Basi twende tukamkague sikio," akasema Shangazi, na wakiwa ndani ya gari akamweleza la kufanya, akamrudisha arudie kama mtoto wa chekechea.

*

Chumba cha kusikilizia hakikuwa na dirisha. Kuta zilivishwa sponji, na zulia lilikuwa limesuguliwa mahali fulani mpaka likapauka. Daktari alikaa kwenye kiti chake cha siku ile, magoti pamoja. Tabasamu alisimama mlangoni ndani ya koti refu la msiba, mikono mifukoni. Hakumpa mtu mkono. Ana mafua, alisema, asije akawaambukiza maafande wenye kazi muhimu. Hata maneno hayo aliyatoa kwa tabasamu.

Shangazi akawaeleza kwamba anataka kuweka ushahidi sawa kabla Fundi hajapelekwa mahakamani, na kwamba kwa kuwa mahakama haina masikio, ni vizuri mtaalamu akasikiliza pamoja na Daktari. Tabasamu akasema ni heshima kubwa. Akavutiwa kiti. Shangazi akautoa Waya wa Kifalme kwenye mfuko, akawaonyesha. Daktari akageuza uso. Shangazi akaupitisha nyuma ya pazia, Koplo akaupokea.

Daktari alijifunga kitambaa bila kuambiwa. Tabasamu akasema yeye atafumba macho tu.

Ni Daktari aliyekataa. Alisema, kwa ukali wa muumini, kwamba marehemu hakuwahi kumruhusu hata mke wake asikilize bila kitambaa, na hawezi kuona nyumba ya marehemu inavunjiwa sheria kabla hajapoa kaburini. Tabasamu akacheka. Akatoa mikono mifukoni, akakipokea kitambaa, akakiweka machoni na kuinua mikono yote miwili kisogoni kufunga fundo.

Shangazi alikuwa nyuma yake. Katikati ya kila kiganja mlikuwa na mchirizi wa ngozi iliyoungua, mwekundu, umeanza kufanya gamba. Na ndani ya mchirizi mlikuwa na msuko, umejichora ngozini kama mkeka unavyojichora kwenye shavu la mtu aliyelala mchana. Aliutazama mpaka fundo lilipokaza na mikono ikarudi mifukoni.

Muziki ukaanza. Ulikuwa wimbo wa ngoma nzito, na mwanamke mmoja mwenye sauti ya kukwaruza akilalamika juu yake. Ngoma zilipiga mpaka vifungo vya shati vikatetemeka. Katikati ya kelele hizo Koplo, kama alivyoagizwa, akapiga teke kreti la chuma nyuma ya pazia. Kreti likaanguka na rafu, rafu ikaanguka na Koplo. Hakuna aliyegeuza kichwa. Daktari alikuwa akitikisa mguu kufuata ngoma.

Kisha chini ya pazia, polepole, kiatu cha Koplo kikausukuma Waya wa Kifalme ukatokea upande huu. Shangazi akainama, akauokota, akakaa nao mapajani.

Kimya. Wimbo ukaanza upya.

Daktari akavuta pumzi ndefu. "Sasa," alisema. "Huo sasa. Yule mwanamke amesogea mbele. Namsikia hadi anavyolamba midomo."

"Na mtaalamu?" Shangazi akauliza kwa sauti ya juu kuizidi ngoma.

"Hata kiziwi angesikia, afande. Mfalme mwenyewe huyo."

Shangazi akampungia mkono Koplo aliyekuwa akichungulia; muziki ukakatwa. Akawaambia wafungue macho. Wakamwona amekaa, miguu pamoja kama mgeni mwenye adabu, na Waya wa Kifalme umejiviringa mapajani mwake na damu yake kavu.

Daktari aliutazama, akalitazama pazia, akautazama tena. "Umeuchomoa lini?"

"Haukuchomekwa, Daktari. Upo mapajani mwangu tangu wimbo wa kwanza."

"Lakini nimesikia."

"Umesikia ulichoahidiwa. Na juzi vilevile. Wakati unausikia waya wa pili, waya wa pili ulikuwa shingoni mwa Masikio."

Daktari akapima kwa macho umbali wa kutoka kwenye kiti chake hadi kwenye pazia. Mtu angeweza kunyoosha mguu akaligusa. Akakumbuka, labda, jinsi alivyokuwa akitikisa mguu. Akainama pembeni ya kiti akatapika kati ya viatu vyake.

Tabasamu bado alikuwa anatabasamu, ila sasa ni meno tu yaliyobaki kazini. Alisema hilo ni la kuhuzunisha sana, lakini haoni linamgusaje yeye. Shangazi akamjibu kwamba Masikio aliuawa ngoma zikiwa juu, kwenye wimbo wa kwanza. Kwamba muuaji alibonyeza kitufe, akaacha wimbo wa pili ujipigie kwa waya wa kawaida na kutoka kwa mlango wa nyuma kwenda kunywa chai. Na kwamba Fundi aliingia kila kitu kimeshakwisha. Akaongeza, kwa ule upole wake, "Hebu tuonyeshe viganja, tuone mafua yamefika wapi."

Mikono ikatoka, lakini si kwa kuonyesha. Tabasamu aliurukia waya, akauzungusha shingoni mwa Shangazi na kumvuta nyuma juu ya kiti mpaka miguu ikaacha sakafu. Kiti kikavunjika. Wakaanguka pamoja, Tabasamu chini, goti lake likimkandamiza Shangazi mgongoni, na ule msuko ukaanza kuingia kwenye nyama. Koplo alitoka mbio na pazia likatoka naye, limemfunika kichwa kama bibi harusi. Tabasamu akampiga teke la goti na mlio wake ulisikika bila msaada wa waya wowote. Shangazi hakuhangaika na waya. Alitafuta kidole gumba. Alikipata, akakikunja kwenda kusikoendeka, akaendelea kukikunja hadi kikavunjika kama kijiti. Mwanamume akanguruma. Mkono mmoja ukaachia. Mwingine ukajizungushia waya na kuvuta zaidi. Chumba kikaanza kuingia giza kutoka pembeni.

Daktari alisimama. Kitambaa kikining'inia shingoni, matapishi kwenye tai, alinyanyua stendi ya chuma ya spika, akaja nayo kwa hatua za mtu anayekwenda kazini, akampiga nayo Tabasamu mdomoni. Meno yakatoka na damu yakasambaa zuliani. Maisha yake yote alikuwa akifanya kazi hiyo kwa ganzi. Hii aliifanya bila. Akapiga tena, taya likahama upande. Akainua kwa mara nyingine, na ni Koplo, akijikokota kwa goti moja, aliyemshika miguu na kumwangusha, vinginevyo wangekuwa na kesi mbili.

Shangazi alikaa sakafuni akijifunza kupumua. Alipoweza kusema, alichosema ni "pingu."

*

Maungamo ya Tabasamu yalichukuliwa hospitalini, neno moja moja, kwa mdomo usio na meno ya kuusaidia. Masikio aliupasua waya asubuhi ile. Alilia kama mtoto, si kwa kuibiwa, ila kwa aibu ya yote aliyokuwa ameyasikia. Alikubali kumpigia Daktari wimbo wa kwanza, halafu badala ya wa pili atoke nje ya pazia amwambie ukweli, na baada yake wateja wote, mmoja mmoja. Tabasamu alimsihi kwa kunong'ona chini ya ngoma. Alimziba mdomo. Kisha akautwaa waya. Alitaka anyamaze tu, alisema, mpaka wimbo uishe. Chini ya kitanda chake walikuta nusu ya roli la waya wa pasi na soksi za nyuzi za dhahabu.

Gari la mahakamani liliondoka bila Fundi. Watu wa getini walipoambiwa, kila mmoja akagundua kwamba lile jiwe alilolishika si lake.

Mjane aliletwa kaunta, Shangazi akamweleza yote kwa sauti iliyobaki, skafu imemfunika shingo. Mama yule alitazama benchi la ukutani, ambako mdogo wake alikuwa amerudishiwa mkanda na kamba za viatu na anahangaika kuzipitisha kwa vidole visivyo na kucha. Akaenda, akaketi ubavuni pake. Akazichukua zile kamba akaanza kuzipitisha yeye. Na alipokuwa ameinamia kiatu, akasema jambo kwa chini sana.

Fundi hakujibu. Aliendelea kutazama mbele. Mjane akasubiri, mikono imesimama kwenye kiatu, na uso ukaanza kumvunjika.

Ndipo Fundi alipoona mabega yake. "Dada, kama umesema kitu, sema tena. Upande huo sisikii tangu juzi. Kigoda kile."

Mjane angeweza kuhamia upande wa pili. Benchi lilikuwa na nafasi. Badala yake alisimama mbele yake, mbele ya kaunta, ya askari wa zamu, ya watu waliokuja kuripoti simu zilizoibwa, na akasema kwa sauti iliyowafanya waache kalamu:

"Ni mimi niliyeanza kukupiga. Sikukuuliza hata neno moja. Nisamehe, mdogo wangu."

Shangazi alikuwa karibu, na alimwona Fundi vizuri. Aliliona lile jicho moja lililo wazi likijaa maji. Alijua kwamba safari hii maneno yamefika.

"Sijasikia," Fundi akasema.

Dada yake akarudia.